Gari, Presha Ikoje?

Neno presha nililijua kwanza likiwa ndani ya taa. Kanisani kwetu Idodi tulikuwa na karabai moja, na mzee wa kanisa mmoja, mnene, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuipiga pampu. Taa ikianza kufifia katikati ya mahubiri, mchungaji alikatiza Neno la Bwana akaita, "Mzee, presha!" Mzee akainuka mbele za watu wote, akapampu mpaka jasho likamtiririka. Sisi watoto tuliamini presha ni kitu kinachotoka mwilini mwake kuingia kwenye taa.

Nilipokwenda shule Iringa mjini nikalikuta tena bombani. Maji yalitoka kidogo kidogo kama mkojo wa mbuzi, na matroni akatuambia presha haitoshi kwa sababu mji uko mlimani. Nikaridhika. Kile kilichowasha taa kanisani ndicho kilichopandisha maji mlima. Lilikuwa neno la kawaida tu, na sikuwa na ugomvi nalo hata kidogo. Nilikuja kuliogopa nilipoolewa.

Mume wangu ni Mnyakyusa. Wakati ule alikuwa fundi kwenye reli mpya, leo yuko Mlimba, kesho Makambako, na mimi akaniweka Ilomba, Mbeya, kwenye nyumba iliyopakana ukuta na ya wazazi wake. Mama yangu aliposikia naolewa huko alishika kiuno. "Hao si ndio wanaokimbiana na wakwe zao?" Nikacheka. Nikamwambia, mama, hayo ni mambo ya zamani. Zamani! Mdomo wangu huu, jamani.

Kwetu Uheheni baba mkwe unapiga goti, unasema "kamwene", anaitikia, yamekwisha. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamwoni baba mkwe na baba mkwe hamwoni yeye. Hamsalimiani. Jina lake halitoki kinywani mwako. Mkikutana njiani unajitupa kwenye migomba au unajifunika khanga kichwa kizima mpaka apite. Aliyenipa somo hilo ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, msichana mwenye mdomo kama wembe. Siku ya kwanza kabisa alinikalisha jikoni akasema, "Sikiliza wewe Mhehe. Hapa huli mbwa, na hapa humwoni baba."

La mbwa nilikuwa nimelizoea, Wahehe tunataniwa hivyo kila mahali. La baba nikamwambia alirudie.

Baba mkwe alikuwa dereva wa lori. Alibeba viazi vya Umalila kupeleka Iringa na mbele zaidi. Akirudi, akifika kona ya mtaa wetu, alipiga honi moja ndefu sana, na honi ile ilikuwa ya kwangu mimi. Maana yake, mkwe, ingia ndani. Nilikuwa naacha chochote nilichoshika. Kuna siku niliacha ugali motoni ukaungua sufuria nzima, mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Basi huyo mzee nilimjua kwa honi, kwa kikohozi, na kwa viatu vyake vikubwa mlangoni. Uso wake sikuujua.

Na nilimjua kwa neno lile. Kila alfajiri alizunguka lori lake akigonga matairi kwa chuma, moja moja, akiyauliza kwa sauti, "Plesha ikoje?" R ilimshinda, kama inavyowashinda wengi wao. Kisha aliwasha injini akangoja mshale wa upepo wa breki upande, akisema peke yake, "Bado plesha. Bado. Haya, twende." Gari lisilo na presha haliwezi kusimama, wifi alinieleza, na lisiloweza kusimama haliondoki. Nilikuwa nasikiliza yote hayo kitandani kupitia ukutani, na nilikuwa nampenda mzee yule bila kumwona. Sijui kama ndiyo adabu yenyewe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu nikashika mimba. Mimba ilipokua, kule kliniki muuguzi akanifunga kitambaa mkononi, akapampu kipira, nikaona mshale unapanda kama ule wa lori. Akasema, "Mama, presha yako inapandapanda. Acha chumvi."

"Presha? Mimi?" Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba damu ya mtu inayo. Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka. Majirani wakaniambia presha ni ugonjwa wa mabwana wakubwa, wa watu wanaokula nyama na kukaa ofisini. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa ukame, tunakula unga wa yanga wa msaada, ugali wa njano unanuka gunia. Nilikula nini mimi mpaka nipate presha? Nilikasirika kabisa. Nikaona muuguzi amenitukana.

Mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Muda ulipokaribia, mume wangu akiwa kazini relini, nikapanda basi kwenda Iringa na wifi kunisindikiza. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia, nilivaa ndala za mama mkwe. Kichwa kiligonga tangu Igawa. Tulipofika Nyololo basi likatoa moshi, likanyamaza. Dereva akafungua boneti, akaangalia, akafunga, akawasha sigara. Abiria wenye uzoefu wakaanza kushusha mizigo yao bila kuuliza swali.

Nilishuka nikaona nyota mchana kweupe. Wifi akanikokota mpaka zahanati ya pale, ambako muuguzi wa Kibena, mama mtu mzima, alinipima, akapima tena mkono wa pili, akaniangalia kwa macho ambayo sijayasahau.

"Unasafiri hivi umeambiwa na nani?"

"Nakwenda kwa mama."

"Kwa mama!" Akamgeukia wifi. "Huyu presha yake imepita kiasi. Akianza kukakamaa tu, mtampoteza yeye na mtoto. Aende Iringa sasa hivi, huko wanapasua. Simamisheni gari lolote. Hata la mkaa!"

Taa, maji, tairi, neno lile lile, na sasa lilikuwa linasema kwamba huenda nisiione kesho. Kwetu husemwa mjamzito mguu mmoja yuko duniani na mwingine kaburini, na mimi nilikuwa nimezoea kuitikia tu "kweli" kama watu wengine. Siku ile niliuona mguu wa pili.

Tukatoka barabarani, muuguzi mwenyewe mbele na koti lake jeupe, akipunga mikono. Magari mawili ya wakubwa yalipita kama hayatuoni. Upepo wa Mufindi unakata. Wifi alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Na hapo nikasikia honi.

Ndefu. Ile ile. Dereva wetu wa basi alikuwa amesimama katikati ya njia, na lori lililotoka upande wa Makambako lilikuwa linamwonya. Hebu niambieni, mtu mwenye akili zake angefanya nini? Msaada umefika, Mungu ameleta gari. Mimi nilikimbia! Na tumbo lile, na miguu ile, nilikimbia nyuma ya basi, nikajifunika khanga kichwa kizima, nikachuchumaa kwenye majani nikihema. Mwili ulikuwa umefundishwa na honi ile na haukuniuliza.

"Mwehu!" muuguzi alipiga kelele. "Mgonjwa wangu amepata wazimu!"

"Ni gari ya baba," wifi akasema, na akaanza kulia. "Ni baba mkwe wake. Hawezi kupanda."

Mama yule alisema maneno ya Kibena ambayo siyaandiki. Lori likasimama. Wifi alikwenda kuzungumza na baba yake kwa Kinyakyusa, haraka haraka, nikisikia tu "plesha, plesha" katikati. Wifi alikuwa anataka nipandishwe nyuma, juu ya magunia ya viazi, maana nyuma ningekuwa simwoni. Muuguzi akasema nyuma ni kuniua. Mimi kule chini ya khanga nilisema potelea mbali, niacheni nifie hapa, sitaki laana ya mtu. Nilisema kweli, nilikuwa na hofu kuliko maumivu.

Ndipo nikaisikia sauti ya mzee, karibu kuliko nilivyowahi kuisikia. Hakusema na mimi. Alisema na muuguzi.

"Lisilo budi hutendwa. Naomba khanga yako moja, mama."

Akaifunga ndani ya kebini kutoka darini, ikaning'inia kati ya kiti cha dereva na cha abiria. Utingo wake akahamia juu ya mzigo. Wifi akakaa katikati, mimi nikasukumwa dirishani nikiwa bado nimejifunika, na muuguzi akafunga mlango kwa kishindo. Ndivyo tulivyoondoka Nyololo. Siku ile nilikaa ndani ya gari moja na mtu ambaye kwa desturi sikutakiwa hata kukanyaga kivuli chake, na moyo ulinidunda mpaka nikaona utapasua hiyo presha yenyewe.

Wifi ndiye aliyetakiwa kuwa mdomo wetu. Baba angemuuliza yeye, yeye angeniuliza mimi. Lakini wifi hawezi magari. Kabla ya Mafinga alikuwa amelala kichwa magotini, anatapika kwenye mfuko, hana msaada kwa mtu. Nikasikia mzee anakohoa.

"We gari," akasema. "Nakuuliza wewe. Plesha ikoje?"

Sikuelewa. Injini ilikuwa inanguruma sawasawa. Akauliza tena, taratibu, kama anavyouliza matairi alfajiri. "Gari, nakuuliza. Kule upande wa dirisha, plesha ikoje?"

Mzee ananiuliza hali! Machozi yalinitoka hapo hapo. Nilijikaza, nikaangalia nje kwenye misonobari, nikasema, "Gari, iko juu. Iko kichwani."

"Unaona sawa, gari?"

"Naona vitu viwili viwili."

"Ndaga," akasema, neno lao la pole. "Ndaga, gari. Tutakwenda pole penye mashimo. Penye lami nzuri tutakimbia."

Na hivyo ndivyo tulivyokwenda. Alikuwa ananiambia kila kitu kwa kupitia gari. Gari lisilale. Gari linywe maji yaliyo kwenye chupa, kidogo. Gari lisiogope, limewahi kupita hapa usiku wa mvua bila taa na halikuanguka. Mara moja nilicheka. Aliniambia, yaani aliliambia gari, kwamba upepo wa breki ukizidi kuna tundu la kuutolea, linasema *pshii*, na kwamba anashangaa Mungu fundi mkubwa alisahau kuwawekea wanawake tundu hilo. Tulipopita Ifunda nilikuwa sioni tena barabara. Bado nilikuwa najibu. Baadaye, sijui wapi, nikamsikia akiuliza, "Gari, plesha ikoje?" na nikatafuta mdomo wangu nisiupate.

Mengine nilisimuliwa na wifi. Anasema pale Tanangozi baba aliuliza, hakuna jibu. Akauliza tena. Akasimamisha lori katikati ya njia, akaing'oa khanga. Mimi nilikuwa nimekakamaa, povu mdomoni. Wifi alipiga yowe. Baba alinivuta kwake, akanilaza ubavu kwenye mapaja ya wifi, akaendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umenishika nisianguke. Akapanda kilima cha Ipogoro honi ameibana haiachii, watu wanaruka pembeni. Hospitali alipofika hakungoja machela. Alinibeba mikononi, mke wa mwanawe, mchana, mbele za watu, akaingia nami ndani akipiga kelele kwamba presha, presha.

Nilizinduka siku iliyofuata na mshono tumboni. Wifi alikuwa ameshika mtoto wa kiume, mwekundu, mwenye hasira. Nilimwangalia mtoto, nikamwangalia wifi.

"Nimefikaje hapa?"

"Baba alikubeba."

"Baba yupi?"

"Baba! Kwani una wangapi?"

Mungu wangu! Nilijifunika shuka usoni, na wifi, mwenye mdomo kama wembe, akanishika kichwa tukalia pamoja. Nikamuuliza yuko wapi nimshukuru, hata kwa kupitia mlango. Akasema ameondoka. Alisubiri mpaka aliposikia mtoto analia, akaondoka. Wifi aliangalia pembeni alipokuwa anasema hivyo, na mimi sikutia maanani.

Niliporudi Ilomba na mtoto mgongoni nilikuta mambo yameshazungumzwa. Mzee alikuwa amekwenda mwenyewe kwa wakubwa wa ukoo, akaeleza alichotenda, akatoa ng'ombe. Baadhi yao walimwambia basi, sasa mmeshaonana, mwiko umevunjika, muishi kama baba na mtoto. Akakataa. Akasema, "Mimi nilibeba mgonjwa. Mkwe wangu bado sijamwona."

Nilikasirika vibaya sana. Mtu ameokoa roho mbili, halafu ananipigia honi niingie ndani! Nilimwambia mume wangu kwamba baba yake ana kiburi. Akasema, "Anakuheshimu." Nikamwambia heshima gani ya kuongea na ukuta, akacheka, akasema nisimpandishe presha. Watu walikuwa wameanza kusema hivyo siku hizo, kila mwenye mke na kila mwenye mkubwa wa kazi alikuwa anapandishwa presha, na kila niliposikia nilishtuka upya. Walikuwa wanataja kwa mzaha jina la kitu kilichonishika shingo.

Lakini mzee alipata njia yake. Kila akirudi safari, honi, mimi ndani, kisha anasimama kwenye lori upande wa dirisha langu na kusema kwa sauti, "Gari, plesha ikoje?" Na mimi ndani, "Imeshuka, gari. Mtoto ameota meno." Safari nyingine, "Iko sawa, gari. Mtoto anatembea, amevunja chungu cha bibi." Majirani walimcheka mzee anayejibiwa na lori. Hatukujali. Yalipita miaka hivyo, na sikumbuki safari hata moja aliyorudi bila kuuliza.

Kisha siku moja wifi aliingia kwangu bila hodi. Baba ameanguka uani akigonga matairi. Upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda pembeni, hasemi. Daktari amekuja, amesema ni presha, tena ya siku nyingi.

"Ya siku nyingi?" nikasema. "Mbona hatukujua?"

Wifi akakaa kitandani kwangu. Akasema yeye alijua. Siku ile Iringa, baba aliponiweka kwenye kitanda cha magurudumu, aliegemea ukuta akihema, na muuguzi akamfunga kile kitambaa. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu. Walimwambia alazwe pale pale. Akauliza wodi za wanawake ziko wapi, wakamwonyesha, mlango unaofuata. Akasema hawezi kulala nyumba moja na mkwe wake, akizinduka atamwona. Akamwapisha wifi asiseme, akawasha lori, akaondoka. Na hakurudi kupima tena.

Nilitaka kumpiga wifi. Miaka yote hiyo ananiuliza presha yangu, na mimi ndani najibu kwa raha, imeshuka, imeshuka, na sikuwahi hata mara moja kuliuliza gari kuhusu presha ya upande wa usukani!

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake. Aliniangalia akasema, "Ingia." Wanawake wengine wakaguna. Akasema tena, "Nimesema aingie."

Niliingia nimejifunika, nikakaa kwenye kigoda nikiangalia ukuta kama inavyotakiwa. Nikasema, "Gari, presha ikoje?" Nilisikia pumzi tu, nzito, ya kukwaruza. Nikauliza tena. Basi nikavua khanga kichwani, nikageuka, nikamtazama.

Alikuwa na kidevu cha mwanangu. Hicho ndicho nilichokiona kwanza. Macho yetu yakakutana, na yeye, mtu ambaye nusu ya mwili ilikuwa imekwisha kumkataa, akajitahidi, akajitahidi mno mpaka mishipa ikamsimama shingoni, akageuza uso wake kuelekea ukutani.

Wifi alikuwa nyuma yangu. Nikampa ncha moja ya khanga, mimi nikashika nyingine, tukaifunga kwenye misumari ya nguo ikaning'inia kati ya kitanda na kigoda. Kisha nikapitisha mkono chini yake, nikatafuta mpaka nikaupata mkono wake wa kushoto.

"Gari," nikasema, "ni mimi, upande wa dirisha."

Akanibana vidole, na hakuniachia mpaka jioni.